Jibu Lisilorudi

Kasindi ya Congo iko kwenye tambarare ya Semuliki, kaskazini mwa ziwa Edward, na mto Lubiriha ndio unaoitenga na Mpondwe ya Uganda. Barabara inayotoka hapo hufika Beni baada ya kilomita 80 hivi, kisha huendelea kilomita 54 nyingine hadi Butembo, mji wa wafanyabiashara ambao bidhaa zao nyingi hushushwa bandarini Mombasa na kuvuka Kenya na Uganda kwa lori kabla ya kuukuta mpaka huu. Kahawa na kakao za Beni nazo hutoka kwa njia hiyohiyo. Tuchukue kazi moja ambayo kijana anayejifunza kutengeneza programu za wavuti huko anaweza kukabidhiwa: daftari la mizigo inayoingia, ambalo wakala wa forodha hulijaza kwa simu akiwa Kasindi na tajiri wake hulisoma akiwa Butembo. Wakala anaandika namba ya lori, aina ya mzigo, uzito na thamani, anabonyeza kutuma, na kabla jibu halijarudi mnara wa Congo unapotea, simu inadaka mnara wa Uganda, halafu kimya. Je, mzigo umeandikwa au haukuandikwa? Hoja yangu ni kwamba swali hili ndilo mlango wa kuingilia somo la REST, mtindo wa kuunda huduma za wavuti, na kwamba wengi wanaolifundisha huliweka mwishoni kabisa, au hawalifikii.

Mafunzo mengi huanzia kwingine. Mwanafunzi husakinisha kiunzi kama Django, Laravel au Express, hunakili mfano wa orodha ya kazi za siku, huambiwa kuwa GET husoma, POST huunda, PUT hubadilisha na DELETE hufuta, na jioni inapofika ana programu inayoonekana imekamilika. Kila ombi alilotuma limejibiwa, kwa sababu kivinjari na seva vyote vimo ndani ya kompyuta yake moja. Amepata msamiati wa REST bila kuijua sababu yake. Sababu hiyo ilielezwa mwaka 2000, pale Roy Fielding alipowasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Fielding alikuwa mmoja wa waandishi wa HTTP/1.1, itifaki iliyochapishwa Januari 1997 na kurekebishwa Juni 1999, na alichofanya katika tasnifu ni kueleza kanuni zilizoiwezesha wavuti kukua ikiwa mali ya watu wengi wasiojuana, kila mmoja na mashine zake, nyaya zake na hitilafu zake. Miaka sita kabla yake, mwaka 1994, Peter Deutsch wa Sun Microsystems alikuwa ameorodhesha dhana potofu za watu wanaounda mifumo ya mtandao, na ya kwanza ni kudhani kwamba mtandao ni wa kutegemewa. Mwanafunzi wa Beni au Butembo haanzi na dhana hiyo. Anajua umeme hukatika, anajua mega huisha katikati ya kazi, na anakumbuka kwamba serikali ilifunga intaneti nchi nzima baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Ujuzi huo ni mtaji, na mwalimu anayeanza na orodha ya vitenzi vinne anautupa.

Ombi lisilojibiwa linaweza kuwa limepatwa na mambo matatu. Huenda halikufika kwenye seva. Huenda lilifika, ila seva ikazimika kabla ya kuandika. Huenda lilifika, likaandikwa vizuri, na jibu ndilo lililopotea likiwa njiani kurudi. Kwa aliyeshika simu hali zote tatu zina sura moja, na hakuna ustadi wa kuandika msimbo utakaomwezesha kuzitenganisha akiwa upande wake. Anachoweza kufanya ni kutuma tena. Kwa hiyo ubora wa programu nzima unapimwa kwa kile kinachotokea anapotuma tena. Ikiwa kijana wetu amefuata mfano wa kawaida, simu hutuma POST kwenye /matamko, anwani ya matamko ya mizigo, na seva hutunga namba mpya kila inapopokea. Wakala akibonyeza mara tatu huenda matamko matatu yakazaliwa, na tajiri aliyeko Butembo akaona malori matatu ya saruji mahali palipo na moja, akatenga fedha za ushuru wa matatu.

Itifaki ililifikiria jambo hili mapema. GET ni amri salama, inasoma tu na haibadilishi chochote. PUT na DELETE hubadilisha, lakini zina ahadi kwamba kuzirudia hakuongezi kitu juu ya kile kilichofanywa mara ya kwanza. POST haina ahadi hiyo, ndiyo maana kivinjari humwuliza mtu kwanza anapotaka kupakia upya ukurasa wa fomu aliyokwisha kuituma. Mwanafunzi akiielewa tofauti hii ataona njia: simu yenyewe itunge kitambulisho cha tamko, namba ya nasibu ya biti 128 ambayo uwezekano wa kugongana na nyingine ni kama haupo, kisha itume PUT kwenye anwani ya /matamko ikifuatwa na kitambulisho hicho. Mara ya kwanza seva inajibu 201, kimeundwa. Mara ya pili inakuta kitu kipo tayari, inajibu 200, na daftari linabaki na tamko moja. Jambo dogo linalosahaulika ni kwamba kitambulisho lazima kihifadhiwe ndani ya simu kabla ombi halijatoka. Betri ikiisha katikati na simu ikatunga kingine ilipowashwa, tumerudi palepale pa malori mawili.

Bado kuna mtego mmoja, na ningependa kila anayeanza aufikie mapema. Tuseme ombi la PUT lilifika kwenye seva asubuhi ila jibu likapotea, simu ikabaki nalo ili ilitume tena, na mchana karani wa Butembo amesahihisha uzito wa mzigo. Jioni mnara unarudi, simu inatuma ombi lake la asubuhi kwa uaminifu, na sahihisho la karani linafutika. Ahadi ya kurudiwa haikuvunjwa. Kilichovunjika ni mpangilio wa nani amesema mwisho. Dawa yake pia imo katika HTTP tangu zamani: seva huambatanisha kila toleo la tamko na alama iitwayo ETag, simu hurudisha alama ya toleo ililolijua kupitia kichwa cha If-Match, na alama zisipolingana seva hukataa kwa kujibu 412. Kama ni tamko jipya, simu husema kwa If-None-Match kwamba lipokewe tu iwapo halipo, na hapo 412 inamwambia wakala kwamba tamko lake la asubuhi lilifika. Programu sasa inaweza kumwonyesha yaliyobadilika, naye akaamua. Nimekaa hapa kwa sababu mafunzo mengi hukiita kipengele hiki somo la juu. Kwenye mpaka ambapo ofisi mbili hugusa waraka mmoja, ni jambo la wiki ya kwanza.

Suala la majina nalo lina uzito wake. REST humtaka mtengenezaji aamue ni vitu gani vina anwani. Anayeanza huvipa anwani vitendo, kwa mfano /sajiliMzigo na /thibitishaMzigo, na kila haja mpya humzalishia anwani mpya hadi yeye mwenyewe anapotea. Akitakiwa kutaja vitu badala ya vitendo, atajikuta anauliza maswali ambayo hakuna programu itakayomjibia. Itabidi awaulize mawakala, makarani na madereva. Lori ni kitu, lakini lori lilelile huvuka mara nyingi, kwa hiyo kuvuka nako ni kitu chenye tarehe na anwani yake. Mzigo si lori, kwa kuwa wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kuchangia kontena moja, kila mmoja na robota zake. Fedha zinataka jina la sarafu, maana Kasindi hupokea faranga za Congo, dola na shilingi za Uganda, na thamani iliyoandikwa 5000 peke yake haimwambii mtu kitu. Saa ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Mashariki ya Congo iko saa moja nyuma ya Uganda. Lori likiondoka Mpondwe saa tatu kamili asubuhi na kutumia dakika 20 kuvuka, saa za Kasindi zitasema limefika saa mbili na dakika 20, yaani limefika kabla ya kuondoka. Na simu iliyodaka mnara wa ng'ambo hujibadilishia saa bila kumwarifu mwenyewe. Wakati ukiandikwa pamoja na umbali wake kutoka saa ya dunia, 09:00+03:00 upande mmoja na 08:20+02:00 upande wa pili, utata unaondoka. Mwanafunzi aliyeko Paris au Nairobi anaweza kupita mwaka mzima bila kulazimika kulijua hili. Wa Kasindi atalijua siku ya kwanza ya kazi.

Kanuni ya Fielding inayowatatiza wengi ni ile inayoitaka seva isitunze kumbukumbu ya mazungumzo: kila ombi lije na kila kinachohitajika kulielewa. Anayevuka mpaka kihalali anaifahamu hali hii. Meza ya uhamiaji ya DGM, ya forodha ya DGDA na ya ukaguzi wa bidhaa ya OCC hazimkumbuki, na hazina haja ya kumkumbuka. Kila moja inasoma karatasi alizobeba na kuamua kwa hizo. Karani akibadilishwa mchana, msafiri haanzi upya. Vivyo hivyo seva ikizimika umeme ukikatika, kisha ikawashwa tena, au nyingine ikashika nafasi yake, ombi linalobeba uthibitisho wake wa utambulisho linaeleweka bila kuuliza lililotangulia. Watu hupinga wakisema ni rahisi zaidi kuiacha seva imkumbuke mtu aliyeingia na hatua aliyofikia. Kwa programu inayotumika ndani ya ofisi moja, kwa waya, nakubali kwamba ni rahisi zaidi. Lakini fomu ya hatua tano ambayo seva inaikumbuka nusu itampoteza wakala kila mara mtandao unapokatika kati ya hatua ya tatu na ya nne, naye atarudi kwenye kalamu na daftari, na atakuwa na haki.

Pingamizi zito zaidi ni la walimu. Wanasema anayeanza akipewa habari za ETag na maombi yanayorudiwa atakata tamaa. Mwache kwanza aone kitu kinachofanya kazi, mengine yatafuata. Nalipa uzito pingamizi hili, kwa kuwa furaha ya kuona ukurasa wa kwanza ukijibu ni kitu halisi na humbeba mtu mbali. Ila ninachodai ni kubadilisha mpangilio wa somo, na wala hakuongezi mzigo. Zana zinazohitajika ni chache: kompyuta ya kawaida, Python au PHP, hifadhidata ya SQLite, na programu ya curl ya kutumia kutuma maombi. Zikishasakinishwa, vyote hivi hufanya kazi bila intaneti, jambo lenye maana pale ambapo mega hununuliwa kwa kuhesabu. Mwanafunzi aandike seva yenye anwani moja tu ya matamko. Kisha aiharibu kwa makusudi: aiamuru ihifadhi tamko, halafu ijizime kabla ya kujibu. Aiwashe, atume tena ombi lilelile, ahesabu mistari iliyomo katika hifadhidata. Afanye hivyo kwa POST, kisha kwa PUT. Zoezi hilo ni la alasiri moja, na litamfundisha mengi zaidi kuhusu REST kuliko mafunzo ya wiki nzima ambamo kila ombi linajibiwa. Django na Laravel zitakuja baadaye na zitamfaa sana, kwa kuwa zinamwondolea kazi ya kurudiarudia. Ila hakuna hata moja inayoweza kujua kama matamko mawili yaliyofanana ni lori moja au ni malori mawili kweli. Uamuzi huo ni wake. Vyuo vya kulibeba somo kwa namna hii vipo: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko Butembo tangu 1989, na UCBC ya Beni, iliyoanza 2007, hufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, lugha mbili ambazo kwazo nyaraka nyingi za kazi hii zimeandikwa.

Wengine watauliza kama eneo lenye vita, lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, linahitaji programu za wavuti hata kidogo, wakati daftari la karatasi lipo na WhatsApp ipo. Daftari ni chombo kizuri, na kwa kituo kimoja chenye karani mmoja sioni sababu ya kuliacha. WhatsApp hufikisha habari upesi. Vyote viwili hushindwa pale pande mbili zinapotaka kulinganisha zilichonacho na kukubaliana kwamba zinazungumzia kitu kimoja. Chukua mfano wa Ebola, ambayo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470 walioorodheshwa, na Beni, Mabalako, Katwa na Butembo zilikuwa kati ya maeneo yaliyoumia zaidi. Mnamo Juni 2019 ugonjwa ulivuka hadi wilaya ya Kasese upande wa Uganda. Katika kazi ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa, mtu mmoja akiandikwa mara mbili mhudumu atamtafuta mara mbili, na mwingine aliyerukwa hatatafutwa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Congo, Uganda na Kenya, umejengwa juu ya kiolesura cha REST, na kila kitu ndani yake kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11. Programu yake ya Android humwezesha mhudumu kuandika akiwa nje ya mtandao na kuoanisha baadaye. Safaricom nao, walipowafungulia watengenezaji mlango wa M-Pesa kwa jina la Daraja mwaka 2017, walitenganisha kupokea ombi la malipo na kulikamilisha: jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa, matokeo hutumwa baadaye, na aliyeyakosa ana anwani ya kuulizia. Hizi ni kazi za Afrika Mashariki, kubwa na za kila siku, na zote zimelazimika kulijibu swali letu la mwanzo. Tangu Congo ilipojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ulinganishaji wa taarifa kati ya Kasindi na Mpondwe unazidi kuwa na maana kwa watu wa barabara hii.

Wataalamu nao wana lao. Fielding mwenyewe alilalamika hadharani mwaka 2008 kwamba violesura vingi vinavyoitwa REST havistahili jina hilo, kwa kuwa majibu yake hayabebi viungo vinavyomwonyesha mtumiaji hatua inayofuata. Ana haki. Tamko lililokaguliwa lingefaa kurudi na kiungo cha malipo, na lisilokaguliwa lisiwe nacho. Hata hivyo kwa anayeanza naona hili linaweza kungoja. Programu isiyo na viungo inachosha, ila programu inayozalisha malori hewa inadhuru.

Kisichoweza kungoja ni usalama wa watu. Januari 2023 bomu lililipuliwa ndani ya kanisa la Kasindi Jumapili wakati wa ibada, na zaidi ya watu kumi wakafa. Katika mahali pa namna hiyo, orodha ya nani amevuka, lini, na mzigo wa thamani gani uko kwenye barabara ya Beni, ni kitu ambacho mtu mwenye nia mbaya angekitaka sana. Wanaoanza huweka jina la mtu au namba yake ya simu ndani ya anwani, kwa sababu inasomeka vizuri, bila kujua kwamba anwani huandikwa katika kumbukumbu za seva na za vivinjari, na hubaki huko hata tamko lenyewe likifutwa. Kitambulisho cha nasibu tulichokitunga kwa ajili ya mtandao unaokatika kinafaa hapa pia, kwa kuwa hakisemi lolote kuhusu mwenye mzigo. Mawasiliano yote yapite kwa HTTPS. Jina la dereva lisiombwe kama hakuna anayelihitaji, na tarehe ya kulifuta ipangwe siku ileile linapoanza kukusanywa. Na mtu asiye na ruhusa akiulizia tamko la mwingine, itifaki inairuhusu seva kumjibu 404, hakipo, badala ya 403, hairuhusiwi, ili asijue hata kwamba mzigo huo upo njiani.